Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: watu wa shuleni wanaowaona watoto wetu

Wazazi na walezi wenzangu, habari zenu, wa Majengo, wa Pasua, wa Njoro, na ninyi wa Mabogini mnaofika kikaoni hata mvua ya masika ikimwagika. Mambo ya hela yapo kwenye ripoti ya mhazini, mi siyarudii hapa. Nataka niongelee watu wa pale shuleni wanaowaangalia watoto wetu, na sisemi walimu peke yao.

Mama mpishi ndo aligundua kuna mtoto wa la tatu anapanga foleni ya uji, anapokea, alafu anazunguka nyuma ya jiko anaumimina kwenye chupa ya maji anaiweka kwenye begi. Hakumfokea wala kumwita mwizi, alimkalisha kwenye ndoo akamuuliza taratibu, kumbe nyumbani kuna mdogo wake na bibi yao anaumwa hawezi kupika. Siku ileile mwalimu wa malezi akaambiwa, balozi wa nyumba kumi akatafutwa, na afisa ustawi akafika mpaka nyumbani. Angetangazwa mstarini mbele ya wenzie, kesho yake yule mtoto asingerudi shule.

Mlinzi naye, yule baba anawajua watoto kwa majina na anajua nani anaondoka na nani. Yeye ndo alisema mbona vitoto vya la kwanza na la pili haviendi chooni mapumziko, vinajibana mpaka saa ya kwenda nyumbani, kufuatilia kumbe wakubwa wanasimama pale wanadai hela ya andazi. Mwalimu wa zamu akaanza kusimama upande ule kila saa nne, basi, hakuna kikao wala semina, na baada ya wiki chache watoto wakaanza wenyewe kumfuata na kumweleza na mengine. Kwangu mimi hapo ndo shule ilipobadilika, zaidi hata ya rangi tuliyopaka.

Tukumbuke tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yamejaa sana, mwalimu mmoja hawezi kuona kila sura, kwahiyo macho ya mpishi na ya mlinzi tunayahitaji kweli kweli.

Kuna wazazi wamenipigia wakisema fimbo zikipungua nidhamu itaanguka. Nawaheshimu, ila kanuni hairuhusu kila mwalimu achape anavyojisikia, viboko havizidi 4, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na inaandikwa kwenye daftari. Na mtoto anayeogopa kuchapwa hasemi kitu, hata akiwa anaumizwa huko njiani au nyumbani, atakaa nalo tu. Tumeomba namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ibandikwe kila darasa, kupiga ni bure.

Sasa ombi langu. Mpishi na mlinzi tunawalipa sisi kwa michango yetu na mwaka huu mara kadhaa hela imechelewa, hilo haliwezi kuendelea, watu hawa wanatubebea watoto. Kamati inapendekeza mchango wao ukusanywe mwanzoni mwa muhula na posho iongezwe kidogo, tutapiga kura kikaoni kabla shule hazijafunguliwa Januari, asiyeweza kuja amwambie mwakilishi wa darasa lake.