Hewa safi ya Sheffield na walioilipia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nimesoma makala ya mwandishi wenu aliyezuru miji ya Uingereza akarudi na sifa tele: mito iliyokufa imefufuka, viwanda vimegeuzwa nyumba za kifahari, moshi umekwisha, na sisi tuige. Sina ugomvi naye, aliyoyaona yapo. Ila mgeni huonyeshwa sebule, na mimi huu ni mwaka wa 21 naendesha teksi Sheffield, zamu ya usiku. Nimeshafika jikoni.

Nianze na abiria wangu mmoja, mzee wa Kiyemeni, ambaye mimi humpeleka kliniki asubuhi za Alhamisi nikiwa nakaribia kufunga kazi. Namwita Ami. Alikuja hapa miaka ya sitini, wakati viwanda vya chuma vilipokuwa vinatafuta mikono ya kufanya kazi zilizowashinda wenyeji. Wayemeni na Wapakistani wakapangwa kwenye matanuru na mitambo ya kusaga vyuma, wengi usiku. Ami hasikii. Wenzake wengi wa rika lake walitoka kazini hivyo hivyo, masikio yameliwa na nyundo. Hukaa kiti cha mbele ili asome midomo yangu, na kwa kuwa siwezi kumtazama nikiwa naendesha, mazungumzo yetu yote ni ya kwenye taa nyekundu. Taa ikiwa ya kijani tunakatiza sentensi katikati, tunaimalizia kwenye taa inayofuata.

Njia yetu hupita bonde la Mto Don, upande wa Attercliffe, hadi karibu na Meadowhall. Mwandishi wenu aliitaja Meadowhall kama duka kubwa la kisasa, akaishia hapo. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1990, na limekaa juu ya uwanja wa kiwanda cha chuma cha Hadfields. Ami hunyoosha bakora kuelekea maegesho ya magari na kunionyesha wapi palikuwa na geti, wapi palikuwa na foleni ya wanaume wenye mifuko ya chakula. Mjukuu wake sasa anauza manukato mle ndani, kwa mkataba usio na saa za uhakika: wiki hii saa 30, wiki ijayo 8. Ami aliwahi kuniambia, kwa Kiarabu chake cha Aden kilichochanganyika na Kiingereza cha Yorkshire, kwamba yeye alirudi nyumbani amechoka kama punda lakini Ijumaa alijua atatia nini mfukoni. Mtoto harudi amechoka hivyo, ila Ijumaa yake haijulikani.

Sisemi zamani ilikuwa pepo. Mtu aliyepoteza masikio yake hawezi kuambiwa hivyo, na mimi sitathubutu. Nasema tu kwamba makala iliandika kana kwamba jiji liliamka siku moja likaamua kuwa safi. Haikuwa hivyo. Sheria ya hewa safi ilikuja mwaka 1956, baada ya ule moshi mzito ulioua maelfu ya watu London mwezi Desemba 1952, na ilifanya kazi yake. Lakini hapa kwetu kilichosafisha anga zaidi ni kufungwa kwa viwanda: ushindani wa bei, mitambo mipya isiyohitaji watu wengi, mgomo wa kitaifa wa chuma wa 1980 uliochukua wiki 13, na serikali ya Waziri Mkuu Thatcher isiyotaka kubeba mzigo wowote. Moshi wa Sheffield haukufukuzwa na busara. Ulikufa njaa.

Na kuna ushahidi wa jambo hili unaokua kandokando ya mto, ambao mwandishi wenu angeuona kama angeshuka kwenye njia ya miguu. Ni mitini. Ndiyo, miti ya tini, katika mji wa kaskazini mwa Uingereza wenye baridi ya kukata mifupa. Viwanda vilichota maji ya Don kupozea vyuma, vikayarudisha yakiwa na joto, hata mto ukawa vuguvugu mwaka mzima. Mbegu za tini zikaja na maji machafu ya vyooni, kutoka matumboni mwa watu waliokula tini zilizokaushwa, zikadhani zimefika Uturuki, zikaota. Leo ni miti mikubwa, mingine imejishikiza kwenye kuta za matofali ya viwanda. Wataalamu wa mimea wameitetea isikatwe. Nimeegesha chini ya mmoja wao mara nyingi kula chakula changu cha usiku, majani yake mapana yanagusa paa la gari, na sijawahi kuokota tunda lililoiva hata moja. Miti michanga haipo. Maji yamepoa, kwa hiyo mbegu haziamki tena. Mito mingine hufa kwa uchafu, huu ulizaa kwa uchafu, na sasa ni safi na mitini yake ndiyo ya mwisho. Katika maji hayo hayo samaki aina ya samoni wameanza kurudi, baada ya kujengewa vijia vya kupandia kwenye vizuizi vya zamani vya viwanda. Nachukua vyote viwili, samaki na mitini, wala sioni haja ya kuchagua.

Mwandishi alisifu pia eneo la Kelham Island, na ni kweli pamependeza. Karakana zimekuwa nyumba za kupanga, mabaa, sehemu za kahawa. Kwenye makumbusho ya hapo kuna injini ya mvuke ya mwaka 1905, yenye nguvu za farasi 12,000, iliyokuwa inabana bamba za chuma za kukingia meli za kivita. Ilifanya kazi hadi 1978. Siku za maonyesho huiwasha, sakafu inatetemeka, watoto wanapiga kelele. Nilimpeleka Ami mara moja. Hakuisikia, aliweka kiganja ukutani akaihisi, akakaa hivyo mpaka walipoizima. Sikumuuliza kitu. Hata taa nyekundu haikuwepo ya kutusaidia.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Makala ilisema eneo la hewa safi la Sheffield, ambapo baadhi ya magari hutozwa kwa kuingia, ni mfano wa jinsi mchafuzi anavyolipia uchafu wake. Bwana Mhariri, hapo ndipo nilipoliweka gazeti mezani.

Tozo hiyo ilianza Februari 27, 2023, ndani ya barabara ya mzunguko na katikati ya jiji. Teksi na gari dogo la mizigo visivyokidhi kiwango hulipa pauni 10 kwa siku, lori na basi pauni 50. Gari binafsi hata kama linatoa moshi mweusi kama sufuria ya kuni, linapita bure. Jirani yangu ana gari la dizeli kuukuu kuliko langu, anapita katikati ya mji kila siku kwenda kufanyia mazoezi ya viungo, halipi hata senti. Nimesikia maelezo: magari binafsi ni mengi lakini teksi na mabasi huzunguka kutwa, kwa hiyo ukibadilisha hayo machache unapunguza sana. Hesabu hiyo naielewa. Lakini basi isiitwe mchafuzi hulipa. Iitwe anayefanya kazi hulipa, tujue tunazungumza nini.

Halafu kuna suala la saa. Siku ya tozo inaanza saa sita usiku na kuishia saa sita usiku. Sisi Waswahili tuliozoea siku kuanza jua likizama, hata kuizoea hesabu hii ni kazi. Usiku mmoja nilimteremsha mwanafunzi stesheni ya treni dakika tano kabla ya saa sita, nikakwama kwenye taa, nikatoka eneo hilo saa sita na dakika nne. Dakika tisa, siku mbili, pauni 20. Nauli ya yule kijana ilikuwa pauni 7. Nikalipia siku moja mtandaoni, ya pili nikaisahau, barua ikaja: faini pauni 120, ukilipa haraka ni 60. Nililipa haraka. Ambaye hana 60 za haraka ndiye hulipa 120, na hilo nalo ni somo la uchumi ambalo sikulisoma shule.

Mwishowe niliuza gari langu la dizeli kwa bei ya kutupa, maana madereva wote tulikuwa tunauza magari ya aina hiyo kwa mpigo na wanunuzi walilijua hilo. Nikachukua la haibridi, linalotumia mafuta na umeme, kwa mkopo wa miaka mitano. Halingurumi, halinuki, mafuta linatumia kidogo, na mwanangu wa pili ambaye kifua humbana wakati wa baridi ana haki ya hewa hiyo kama mtoto mwingine yeyote. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayetaka moshi urudi. Nimeununua mimi usafi huu, kwa marejesho ya kila mwezi, na nisingependa kusoma gazetini kwamba umeletwa na upepo.

Kuna mambo ambayo jiji limeyafanya vizuri na makala haikuyagusa kabisa, labda kwa sababu hayana mwonekano wa kupigia picha. Takataka za nyumbani kwetu zinachomwa katika mtambo wa Bernard Road, na joto lake linapitishwa kwa mabomba ya maji moto chini ya barabara, linapasha zaidi ya majengo 100. Mfumo huo ulianza miaka ya themanini, wakati huo huo viwanda vilipokuwa vinafungwa. Asubuhi ya theluji unaweza kuona mahali lami imekauka peke yake, ukajua bomba linapita hapo. Au pale West Bar, ambapo nilikuwa nakata barabara pana ya njia nne kuwahi abiria: wamezifunga njia mbili, wakachimba, wakajaza udongo na changarawe na maua marefu yanayokunywa maji ya mvua. Nililalamika mwezi mzima. Lakini mimi nilikuwepo Juni 25, 2007, siku Don ilipopanda ukutani ikaingia barabarani, watu wawili wakafa mjini humu na Meadowhall yenyewe ikajaa maji. Sasa mvua kubwa ikinyesha nikiwa West Bar, natazama maji yakizama kwenye yale maua badala ya kukimbilia mtoni, na kinywa changu kimefungwa.

Nilikuwepo pia Agosti 24, 2008, saa tisa za usiku, walipoilipua minara miwili ya kupozea pale Tinsley, kando ya barabara kuu ya M1. Kituo chake cha umeme kilikuwa kimefungwa tangu 1980. Walikuwapo watu waliopigania ibakizwe igeuzwe kazi ya sanaa, wakashindwa. Mimi na madereva wengine tuliegesha mlimani. Ilikuwa kama mtu aliyekaa muda mrefu anapojaribu kusimama, magoti yakakataa. Vumbi lilipotulia palikuwa na shimo angani, na kwa wiki kadhaa abiria waliotoka kusini waliniuliza kama tumepita Sheffield au bado, maana minara ile ndiyo ilikuwa ikiwaambia wamefika. Mahali hapo sasa pana mtambo wa umeme unaochoma mbao chakavu.

Jambo moja la mwisho kuhusu hesabu za usafi. Septemba 30, 2024, siku hiyo hiyo moja, Uingereza ilifunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, na tanuru la kuyeyushia madini ya chuma lililokuwa limebaki peke yake kule Port Talbot, Wales. Lile la kwanza lilishangiliwa, na lilistahili. La pili lilikuwa msiba kwa mji mzima, ingawa moshi wake nao uliingia kwenye hesabu ya ushindi. Nchi haijaacha kutumia chuma. Madaraja yanajengwa, magari yananunuliwa, mitambo ya upepo baharini inasimamishwa, na sehemu ya chuma hicho inayeyushwa mahali pengine, na mtu mwingine ambaye masikio yake nayo yanaliwa. Moshi ule haupo tena kwenye vitabu vya Uingereza. Upo kwenye vya mwenzake.

Kwa hiyo mwandishi wenu akirudi, na natumai mtamrudisha, amuulize meya hayo maswali aliyouliza safari hii, lakini pia amuulize muuza manukato ana saa ngapi wiki hii. Aje Sheffield. Nitampokea stesheni, nauli sitaidai. Kama atafika Alhamisi itabidi akae kiti cha nyuma, kwani cha mbele kina mwenyewe.

Wako msomaji,
Dereva wa zamu ya usiku,
Sheffield, Uingereza