Barua kwa Mwanangu Aliyepangiwa Central

Salim mwanangu,

Hapa nyumbani hatujambo, goti la babako limepoa kidogo. Habari za kupangiwa kituo cha polisi cha Central, Nairobi, zilifika kabla ya simu yako, na majirani wamekuja kutupa hongera. Nimezipokea, maana chuo cha polisi cha Kiganjo si lelemama na umefuzu kwa jasho lako. Ila usingizi umenipaa.

Juni 2025 mwalimu kijana alikamatwa Homa Bay kwa maneno ya mtandaoni, akasafirishwa hadi Central, na usiku uleule akafa. Wakubwa wakasema alijigonga ukutani, uchunguzi wa maiti ukasema mengine. Polisi wakashtakiwa kwa mauaji, akiwamo konstebo. Cheo chako hicho, mwanangu.

Historia uliiacha kidato cha pili, nami nikanyamaza, basi isome sasa. Machi 1922 Harry Thuku, aliyepinga kodi ya wakoloni na kipande, ile hati Waafrika waliyolazimishwa kubeba, alifungiwa hapohapo, enzi hizo kituo cha Kingsway. Watu wakajaa nje. Tarehe 16 mwanamke, Muthoni Nyanjiru, akawaambia wanaume wampe suruali zao, nao wavae gauni lake, na risasi zikalia. Walikufa zaidi ya 20, naye Nyanjiru akiwamo. Askari waliofyatua walikuwa Waafrika, vijana wenye mama zao. Thuku mwenyewe hakusomewa shtaka mbele ya hakimu yeyote. Alipelekwa Kismayu, akazuiliwa karibu miaka tisa.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi: mtu kushikwa kituoni asifike mahakamani. Katiba, ibara ya 49, inasema saa 24. Uliikariri kwa mtihani, sasa iishi.

Utakapopita katikati ya mji utaliona jengo la mahakama la miaka ya 1930, lililochorwa na Herbert Baker. Leo ni Mahakama ya Juu, na Septemba 2017 majaji wake walifuta uchaguzi wa rais, jambo ambalo sikutarajia kuliona maishani mwangu. Lakini mwaka 1986 watuhumiwa wa Mwakenya, kikundi cha siri kilichopinga serikali ya Moi, walikuwa wakitolewa vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali hapo Nairobi, walikopigwa na kuwekwa majini, wakafikishwa mbele ya hakimu jioni saa za kazi zimekwisha. Wakili hakuna, jamaa hakuna. Wanakiri, wanafungwa. Hakimu haoni seli, Salim. Anamwona tu yule mliyemleta na karatasi mliyoandika. Kwa hiyo andika kweli. Jina la kila anayeingia liwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, saa aliyoingia, na jeraha alilokuja nalo kabla hujageuza ufunguo.

Na ile tabia ya kumkamata mtu Ijumaa jioni ili alale ndani mpaka Jumatatu, usiishiriki. Sheria ina mwanya huo wa siku ambazo mahakama hazikai, nao wenye chuki wanaujua. Ukiamriwa na mkubwa wako umguse mfungwa, usimguse. Wakuhamishe Mandera, wakunyime cheo, nitakutumia nauli ya kuja likizo. Babako anasema nakutia woga kabla hujaanza kazi. Na akutie yeye ujasiri, mimi nataka woga huo uwe nao.

Kula vizuri. Nairobi ina baridi mwezi wa Julai, na lile sweta uliliacha kwa makusudi, nililiona nyuma ya mlango. Nitalitia kwenye basi pamoja na nazi na pilipili za kukaanga. Dadako Mwanaisha anadaiwa karo ya muhula huu, ila usitume kitu kabla hujalipa kodi ya nyumba. Paa la jikoni linavuja upande wa kisima, fundi ameahidi kuja Jumamosi. Shangazi yako anauliza kama utakuja Idi.

Nipigie siku utakayopangiwa zamu ya seli, hata ikiwa usiku wa manane.

Mamako