Mako asikumbukwe kwa filamu tu

Mhariri,

Mwigizaji Mako akitajwa, huzungumzwa filamu zake. Naomba jukwaa nalo likumbukwe. Alizaliwa Kobe, Japani, mwaka 1933, akaigiza Marekani enzi ambazo wenye asili ya Asia mara nyingi walipewa nafasi za mtumishi au adui. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha kikundi cha maigizo ya jukwaani, East West Players, Los Angeles. Humo mwandishi Wakako Yamauchi alipata pa kuonyeshea tamthilia yake. Msimu wa 1981 Mako aliutenga kwa habari za Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungwa makambini Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Msimu mzima! Kikundi kilidumu baada ya kifo chake mwaka 2006. Tafadhali, mwandikieni makala.

Msomaji wenu,
Morogoro