Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: barua kwa wajukuu zangu wa kijiweni

Wajukuu zangu wa kijiwe cha pikipiki, hapa kona ya Ngamiani, Tanga,

Shikamoo zenu nazipokea kila asubuhi mkipita barazani kwangu, na marahaba nawarudishia. Leo salamu yangu ni fupi. Nina hasira, na hasira ya mzee ikilala tumboni huamka ugonjwa, basi afadhali niiandike.

Jumanne iliyopita, saa mbili kasoro za asubuhi, nikiwa na kikombe cha pili cha kahawa, niliona watu wawili wakishuka kwenye bajaji. Mmoja alishika ufunguo wa akiba. Hawakumsalimia mtu. Walikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki nyekundu ya mwenzenu, yule mkimya, wakaiwasha, wakaondoka nayo. Mwenzenu alisimama na kipande cha chapati mdomoni, hakitafuni wala hakitemi. Mimi macho yalinibaki kwenye ule mpira wa nyuma ya gurudumu, alioandikisha kwa rangi nyeupe: SINA BOSI. Maneno yale yakaenda yakipungua mpaka kona ya msikiti, yakapinda, yakapotea, anayeyaendesha mtu mwingine.

Nanyi mkacheka. Mmoja akasema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Mwingine akadakia, "Mungu si Athumani." Mkapokezana hivyo kama mko kwenye mashindano ya methali redioni, na mwenzenu bado hajameza chapati. Siku ya pili yake hakuonekana. Mpaka leo hajaonekana, na mkewe anasema simu yake haipatikani.

Methali mnazijua, siwanyimi sifa hiyo. Mnazo kwenye mipira ya pikipiki, kwenye kanga mnazowanunulia wake zenu, kwenye simu zenu mnabandika mpya kila asubuhi. Ila mmezifanya mapambo. Hizi ninazotaka kuwaambia hazikutungwa na watu waliokaa kijiweni wakitafuta cha kuandika. Zilitungwa na watu waliojua kamba inavyokata mguu.

Nianze na neno muungwana. Siku hizi muungwana ni mtu mpole, anayempisha mzee kwenye daladala. Zamani katika pwani hii muungwana alikuwa mtu huru, mzaliwa wa watu huru, na kinyume chake alikuwa mtumwa. Soko la watumwa la Unguja, pale Mkunazini, lilifungwa mwaka 1873, lakini kufungwa soko hakukufungua watu. Sheria iliendelea kumtambua mtu kuwa mali ya mtu hadi mwaka 1897 huko Unguja na Pemba, na huku kwetu Tanganyika hadi 1922. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana mkubwa mwaka huo. Nimekula ugali aliousonga kwa mkono wake. Kwa hiyo msinifanye kama nasimulia habari za Firauni.

Mnapenda kusema "muungwana ni kitendo". Mnasahau nusu ya kwanza: ada ya mja hunena. Mja maana yake mtumwa. Naona mwenye kutunga nusu hiyo alikuwa bwana aliyekaa kwenye baraza la mawe, akiwacheka watu wake kwamba kazi yao ni domo tu. Ni tusi kwa mababu wa wengi wetu, na sioni sababu ya kulificha. Lakini tazameni nusu ya pili inavyomgeukia mwenyewe: kama uungwana ni kitendo, basi hauko kwenye nasaba, hauko kwenye kilemba, na yule mja akitenda anaupata. Sijui kama mtungaji aliliona hilo. Nafikiri hakuliona.

Sasa nakuja kwenye kiini cha hasira yangu, nanyi mnivumilie kwa sababu hapa nitakaa.

Bibi alikuwa Mbondei wa Muheza. Mama yake alimsimulia njaa kubwa ya mwaka 1884, wakati watu wa bara ya Tanga waliposhuka pwani na watoto mkononi kuwaweka rehani kwa nafaka. Rehani, kama mnavyoweka simu dukani. Mtoto anabaki kwa mwenye mtama, mzazi anarudi kulima, akivuna atakuja kumkomboa. Wengine walikomboa. Wengine mvua haikunyesha, au bei ilipanda, au walipofika waliambiwa mtoto amekula kuliko alichowekewa. Yule asiyekombolewa alihesabiwa mtumwa, na wapo waliovushwa bahari. Watu wengi hapa hudhani kila mtumwa alikamatwa porini kwa bunduki. Wengine waliingia kwa mlango wa deni, wakisindikizwa na baba zao wenyewe waliowapenda.

Ndiyo maana wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nyinyi mkisikia "matako" mnaangua kicheko na somo linapita. Ndiyo maana walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni nayo mnadhani inahusu kuku.

Baba yangu naye alikuja Tanga akiwa na kamba yake, ila ilikuwa ya karatasi. Aliandikishwa Kigoma kuja kukata mkonge, akapewa namba, na kwa sababu ya namba hizo watu wakawaita manamba. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi 30. Unakata majani, unafunga matita ya majani 30 kila tita, ukimaliza ngwe yako nafasi moja inatiwa alama. Siku uliyougua haina alama. Nafasi zikijaa ndipo unalipwa, na kabla ya hapo unakula kwa mkopo kwenye duka la kambini. Mimi nimezaliwa mwaka 1952 kwenye kambi hiyo, nikisikia korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, inavyonguruma usiku. Siku ya kipande kujaa mama alikuwa haimbi kama wake wengine. Alikaa na punje za mahindi mkekani akihesabu duka linachukua ngapi na sisi tunabaki na ngapi. Desemba 1961 bendera ilipopandishwa, baba alicheza ngoma mpaka asubuhi. Halafu akaenda kazini, kwa sababu TANU ilisema Uhuru na Kazi, na kwa sababu duka lilikuwa bado linamdai.

Basi nawaulizeni, mkataba wa pikipiki na kile kipande vina tofauti gani? Mwenzenu alikuwa akimpelekea tajiri mwenye pikipiki hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 14. Fanyeni hesabu: 3,640,000. Pikipiki ile ilinunuliwa dukani kwa milioni mbili na laki nane. Alipofikisha miezi 12 alikuwa ameshatoa 3,120,000, yaani ameshainunua na chenji ikabaki kwa tajiri. Lakini karatasi inasema asipopeleka siku tano mfululizo chombo kinarudi kwa mwenyewe bila fidia. Shika shika, na mwenyewe yu nyuma.

Kilichomwangusha hakikuwa mkataba peke yake. Dada yake aliolewa. Kaka mtu akataka muziki mkubwa, sare ya ndugu wote, na keki ya ghorofa. Akachukua kausha damu, ule mkopo wa mtaani wa riba kali. Laki tano kwa maandishi, laki nne na sitini mkononi, kwa maana 40,000 ni "fomu", na laki saba ya kurudisha ndani ya mwezi. Ile keki nilipewa kipande, sijawahi kula kitu kitamu kiasi kile, Mungu anisamehe. Mwezi ulipofika akakopa kwenye simu ili alipe kausha damu, halafu akakopa kwenye simu kwingine ili alipe kwenye simu. Benki Kuu ilitoa orodha Novemba 2024 ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na kibali, ikaonya watu. Nani kati yenu aliisoma? Mimi nimeijua baada ya kuamshwa saa kumi alfajiri na ujumbe: "Uliyemdhamini ni mkwepaji deni, mwambie alipe au picha yake itasambazwa." Mimi simdhamini mtu. Walichota namba zote kwenye simu yake, ya imamu, ya mama mkwe, na ya kwangu mimi mzee wa kahawa. Mtu alivuliwa nguo mbele ya ukoo mzima, na wahenga wanasema ukivuliwa nguo chutama. Naamini ndivyo alivyofanya. Amekwenda kuchutama mahali.

Sasa mtasema babu anatusema sisi tu. Hapana, nina la kujisema.

Mwezi wa pili alikuja kwangu na karatasi ya mkataba wake imekunjwa mara nne. Akaniomba nimsomee kile kipengele cha siku tano, maana anajua nilikuwa karani wa mizani miaka mingi, na nasoma maandishi madogo. Nilikuwa nasikiliza mpira. Nikamwambia, "Haraka haraka haina baraka, mwanangu, njoo kesho." Kesho yake sikumuuliza. Methali ile ilikuwa ya kweli, na mimi niliitumia kama pazia la uvivu wangu. Sisi wazee tuna tabia hiyo. Tukitaka mkae tunasema haraka haina baraka, tukitaka mwende tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mkituuliza swali gumu tunawapiga na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lenyewe mara nyingine limevunjwa na huyo mkuu.

Mengine nitawaambia kwa ufupi, sina la kuyaongezea. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Haba na haba hujaza kibaba. Heri kufa jicho kuliko kufa moyo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Dawa ya deni kulipa, na hii haina tafsiri nyingine. Na mwacha mila ni mtumwa, ingawa kwa hiyo ningependa tukae siku moja tubishane, maana harusi ya keki ya ghorofa nayo mnaniambia ni mila.

Nisiwaonee. Kijana asiye na hati ya nyumba akienda kukopa mahali pa heshima anaambiwa alete hati ya nyumba. Halmashauri zimewekewa sheria ya kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini mmenisimulia mlivyozungushwa kwenye ofisi moja, fomu imekwisha, mhusika yuko semina, njooni Alhamisi, mpaka kikundi chenu kikasambaratika kabla ya kupata hata muhuri. Kausha damu hana Alhamisi. Anakuja na pesa kwenye mkoba wa kike, anakaa kwenye benchi lenu, anawaita majina yenu. Mtu akifika kwa mwenye njaa kabla ya serikali, msimlaumu mwenye njaa peke yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ngao ya nchi yetu imeandikwa Uhuru na Umoja, na kuna siku nikiitazama najiuliza huo umoja ni wa nani na nani, kama watu ishirini wa benchi moja walishindwa kumchangia mwenzao hesabu ya siku tano. Siku tano ni shilingi 50,000. Gawanyeni kwa ishirini. Elfu mbili na mia tano kila mtu, bei ya chipsi na soda.

Hapo ndipo kicheko chenu kiliponichoma.

Rudisheni kile kikundi. Safari hii mimi nitakwenda nanyi huko ofisini, nitakaa kwenye benchi lao mpaka mhusika atoke semina. Mzee wa miaka zaidi ya 70 akikaa mlangoni na bakora watu huona haya. Wekeni mfuko wenu wa hesabu, elfu moja moja kila Jumamosi, mtunzaji awe yule dada anayewauzia uji, maana yeye ndiye peke yake hapo kijiweni ambaye daftari lake halina mistari iliyofutwa.

Na mikataba yenu ileteni. Yote, hata ile mliyokwisha kusaini, kuanzia kesho baada ya sala ya alasiri. Miwani ninayo, redio nitaizima. Nitawasomea kipengele kwa kipengele na mtaniambia mlichokielewa kwa maneno yenu, kwa maana mtu hutia sahihi kitu alichoogopa kukiuliza.

Kuna jambo la mwisho. Kofia yake ya pikipiki ilibaki barazani kwangu siku ile, na ndani yake kuna karatasi imekunjwa mara nne. Sijaifungua. Mwenye njia ya kumfikia amwambie kwamba hakuna anayemngojea hapa kwa ubaya, mtoto wake ameanza kusimama, na babu anataka kuisoma ile karatasi, mbele yake.

Babu yenu wa barazani,
Ngamiani, Tanga