Kaka, sikukuacha msituni

Kaka,

Nimelisikia tena, safari hii kwa shangazi: kwamba siku ile mlimani nilikuacha kwenye theluji nikajiokoa mwenyewe. Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma unanyamaza. Basi nakuandikia hapa, na anayetaka kusoma asome.

Wewe ndiye uliyenifundisha kutembea na viatu vya theluji, vile vipana vinavyofungwa chini ya buti ili mtu asizame. Ulipiga magoti ukanifunga mikanda, ukanionya nisijaribu kurudi kinyumenyume, maana mkia wa kiatu unazama na mtu anaanguka. Nigeuke kwa kuzunguka. Ulitangulia kupasua theluji mbichi, mimi nikikanyaga palepale ulipokanyaga wewe. Kila nilipokuomba tupokezane ulikataa, na jasho lilikuwa limeshakulowesha mgongo. Ningekukumbusha kwamba nguo iliyolowa hufyonza joto la mwili mara mtu anaposimama, lakini wewe ni mkubwa wangu.

Njia ilikuwa na alama: vijiti virefu vya rangi ya chungwa kwenye uwazi, vibao kwenye mashina ya misonobari. Huiachi alama uliyosimama nayo mpaka uione inayofuata. Hilo nalo nililipata kwako! Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na vibao vingi vilikuwa vimefunikwa. Tukafika kwenye kijiti kile, mbele yake hatukuona kitu. Nikasema turudi nyuma kidogo tutazame upya. Wewe ukaona nyayo zinashuka kushoto. "Hapa kapita mtu, twende."

Nyayo si alama, kaka. Hujui aliyezikanyaga alikuwa anakwenda wapi, wala kama yeye mwenyewe alijua.

Ulikwenda. Hukugeuka hata mara moja.

Nilipuliza filimbi mara tatu, nikanyamaza, nikapuliza tena. Nilikuwa nayafikiria yale mashimo chini ya matawi ya misonobari, pale theluji isiposhikana. Mtu hutumbukia kichwa chini, viatu vikanasa juu, asiweze kujitoa. Nikapiga hatua tisa kukufuata. Nilipogeuka, kijiti kilikuwa kinamezwa na ukungu. Nikarudi. Ningekufuata, tungepotea wawili, na nani angejua pa kuanzia kututafuta?

Giza likaingia. Unasema uliona taa yangu inazimika ukajua nimeondoka. Ni kweli niliizima. Baridi inamaliza betri, kwa hiyo niliificha tochi kifuani ndani ya koti ipate joto, nikawa naiwasha kila baada ya muda. Uliporudi, uliufuata mwanga huohuo.

Ila kuna jambo sijawahi kukuambia. Mara moja nilikusikia ukiita, taa ikiwa imezimwa, nikachelewa kuiwasha. Nilikuwa na hasira. Nilitaka uogope kidogo, kama nilivyokuwa ninaogopa mimi. Haikuwa hata dakika, lakini nimeibeba miaka yote hii.

Ukatokea na theluji mpaka kifuani, gongo moja la kutembelea limepotea. Neno lako la kwanza: "Kumbe wewe umekaa tu hapa." Umekaa tu! Vidole vya miguu nilikuwa sivisikii tena. Hukuuliza. Nikakumiminia chai, mikono yako ikatetemeka ukashindwa kushika kikombe, nikakushikia mimi mpaka ukamaliza. Hayo humsimulii shangazi.

Nasikia unataka kuwapeleka wanao. Wapeleke, msitu ule ni mzuri mno ukiwa kimya. Lakini wafundishe kwamba alama ikipotea wanafuata nyayo zao wenyewe mpaka ile ya mwisho. Na ukiona mteremko mkali ulio wazi, wa nyuzi 30 na zaidi, usiukatishe nao kwa kufupisha njia. Huko ndiko theluji inakoporomoka. Na akitokea mmoja anayekataa kukufuata, tafadhali usimwite mwoga.

Gongo lako lililobaki ninalo, lipo nyuma ya mlango. Uje ulichukue mwenyewe. Sitampa mtu akuletee.