Barua kwa shoga yangu: hao wa PCM na grafu zao

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na watoto. Sisi wazima, ila joto la huku wewe unalijua.

Umeniuliza habari ya hao wako wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) wa kidato cha tano: derivativu ya polinomia, yaani kanuni ya mteremko wake, wanaitoa wamefumba macho, lakini ukiwapa mchoro mtupu wanaganda. Wangu pia walikuwa hivyo hivyo. Dawa niliyoiona ni kuwaficha mlinganyo. Wakishaona x³ − 3x wanakimbilia kanuni, na mchoro hawautazami tena. Wape mchoro wake tu, kwenye manila, wanafunzi wanne kila kundi na maka peni moja, wachore chini yake grafu mpya ya mteremko. Hiyo maka peni mpe yule mkimya. Asichore kitu mpaka wenzake wamkubalie. Hapo lazima wabishane, na waache wabishane kwa Kiswahili.

Mmoja ateleze rula juu ya mchoro kama tanjenti, yaani mstari unaougusa tu pale ulipo, kushoto kwenda kulia, mwingine atamke: inapanda, imelala, inashuka. Inapolala, yaani kwenye −1 na 1, grafu mpya ikate mhimili wa x. Mpaka hapo ni rahisi. Shida itakuja pale mchoro unapozama chini ya mhimili: wengi watasema mteremko nao ni hasi, maana wanachanganya kimo na mteremko. Usiwasahihishe. Waambie waweke rula kwenye x = 1.5, ambapo mchoro uko chini ya mhimili lakini unapanda, halafu nyamaza.

Sasa utamu wenyewe. Kundi la pili lipe mchoro ule ule, ila umeupandisha juu vipimo 4, na usiseme. Wakibandika kazi ukutani, grafu za mteremko zinafanana kabisa! Kwangu walishutumiana kuigiliziana, kelele mpaka mwalimu wa jirani akachungulia. Ndipo nikachukua grafu moja ya mteremko nikalipa kundi la tatu, ambalo halijauona mchoro wa mwanzo, nikawaambia wautafute. Umbo walilipata. Wakakwama: "Mwalimu, tuuweke juu au chini kiasi gani?" Sikuwajibu. Ile C ya intigrali, namba isiyobadilika inayoongezwa mwishoni ukirudi kutoka mteremko, ambayo kila mwaka wanaisahau kwenye mtihani, wameiulizia wenyewe kabla sijaifundisha.

Grafu ya |x|, ile yenye umbo la V, iache mwisho, muda ukibaki. Kushoto mteremko ni −1, kulia ni 1, na pale kwenye ncha rula haina pa kulala. Wapo watakaong'ang'ania kuweka sifuri, kwa kuwa ni katikati ya −1 na 1. Mie hao ndio nawapenda, wanaleta ugomvi mzuri.

Darasa lako ni kubwa kuliko langu, kwa hiyo usilazimishe makundi yote yawasilishe. Mawili yanatosha, mengine yazunguke yakisoma ukutani. Ukishajaribu nipigie picha za manila zao, hasa zilizokosewa. Nazitaka za kufundishia.

Msalimie shemeji.

Shoga yako