Barua kwa Rehema: nafasi ya Mama katika harusi na sikukuu

Rehema mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa makini, kwa sababu umeuliza namna ya kumkumbuka marehemu Mama siku za furaha, jambo ambalo familia nyingi hulinyamazia mpaka siku yenyewe iwakute. Harusi ya mdogo wako imekaribia, nyuma yake inakuja sikukuu ya kwanza bila Mama, na kila mmoja nyumbani anamwogopa mwenzake. Wapo wanaodhani kumtaja Mama kutaharibu furaha, na wapo wanaoona kutomtaja ni kumzika mara ya pili. Mimi nasema hivi: mpeni Mama mahali pake na muda wake, vijulikane mapema, kisha saa zinazobaki ziacheni ziwe za sherehe. Huzuni isiyopewa nafasi haiondoki. Huzagaa siku nzima, ikazuka kwenye kipaza sauti, kwenye chumba cha kuvalia, mbele ya mpiga picha.

Nianze na harusi, maana hapo ndipo mengi huharibika.

Kumbukumbu iwekwe mwanzoni mwa ratiba, wageni wakishakaribishwa na kuketi. Mtu akilia, macho na uso huchukua muda kutulia, kwa hiyo isiwe kabla ya picha, wala mara tu baada ya viapo, wala kabla ya muziki wa kucheza. Kinachofuata kiwe jambo la utulivu ambalo watu hulifanya wakiwa wameketi, kama utambulisho wa familia hizi mbili. Ukitoka kwenye kimya cha kumkumbuka marehemu ukaingia moja kwa moja kwenye ngoma, nusu ya ukumbi itainuka na nusu itabaki na leso usoni, na bwana harusi hatajua aelekee wapi.

Mwandikieni mshereheshaji maneno kamili, msimwachie abuni. Yawe mafupi: jina la Mama, kwamba alikuwa mama wa bwana harusi, kwamba hayupo nasi, na ombi la kusimama. Jina aliandikiwe kama linavyotamkwa, na alisome mbele yenu siku moja kabla. Kimya cha sekunde 30 kinatosha. Dakika nzima katika ukumbi wenye watoto huishia kwenye kikohozi na minong'ono. Mtu mmoja ashike saa na kumpa mshereheshaji ishara, kwa sababu aliyesimama mbele ya watu huona sekunde 10 kuwa nyingi na hukatisha. Kisha aseme tu, "Asanteni, tuketi," na kutaja kinachofuata.

Na hili ndilo ninalokusihi zaidi: waambieni wasemaji wote, wa pande zote mbili, kwamba kumbukumbu ya Mama ina sehemu yake moja. Wasipoambiwa, kila mmoja atafungua hotuba kwa rambirambi, kwa nia njema kabisa. Wasemaji watano, rambirambi tano, na bibi harusi anajikuta kwenye msiba siku ya harusi yake. Familia yake nayo ina haki ya siku hiyo. Muulizeni mapema, bwana harusi akiwa hayupo, kama mpango huu unamridhisha, kwani mbele ya mchumba wake hataweza kukataa.

Umeuliza kuhusu kiti kitupu cha kumwakilisha Mama. Sikipendi sana, na nitakwambia kwa nini. Hubaki kwenye kila picha ya siku hiyo, mgeni aliyechelewa hukikalia bila kujua, au mhudumu hukihamisha kwenda meza yenye upungufu. Ila kama Baba anakitaka, kiwekwe. Kifungwe utepe na ua ili kisikaliwe, kiwe mwisho wa safu badala ya kumkabili bwana harusi, na kitumike wakati wa kufungisha ndoa tu. Mchagueni mtu atakayekiondoa kabla ya tafrija, na ajue kwamba kazi hiyo ni yake.

Picha ya Mama kwenye meza ndogo mlangoni hufanya kazi vizuri kuliko kiti, kwa kuwa anayetaka kusimama husimama na asiyeweza hupita. Kwa chapa ya sentimita 20 kwa 25 mnahitaji picha yenye pikseli 2,400 kwa 3,000 hivi. Picha hiyohiyo mnaweza kuikuza mara mbili, 40 kwa 50, ikiwa itatazamwa kutoka mbali. Msichukue nakala iliyozunguka kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida, maana ubora wake hupunguzwa inapotumwa. Mwombeni mwenye picha ya asili aitume kama faili la hati, au muichukue moja kwa moja kwenye simu iliyoipiga. Kama ipo kwenye karatasi tu, iskanini. Kuipiga kwa simu huacha mng'ao wa taa. Karatasi ya kuchapia iwe isiyong'aa, na fremu isiyo na kioo kama mnaipata, la sivyo kila mwako wa kamera utaonekana usoni mwa Mama.

Mkiwasha mshumaa, uwe ndani ya kioo kinachopita urefu wa mwali, mbali na kitambaa na maua kwa angalau sentimita 30, na msiuache peke yake hata kidogo. Shela ya bibi harusi hushika moto haraka. Mshumaa wa betri si dharau kwa Mama.

Mdogo wako anataka kitu cha Mama kiwe mwilini mwake siku hiyo, na wazo lake ni zuri. Chukueni kipande cha vazi lake, sentimita 8 kwa 8, kutoka kwenye pindo la chini au sehemu ya ndani isiyoonekana, ili vazi lenyewe libaki zima. Kunjeni sentimita 1 kila upande, mpate mraba wa sentimita 6, kisha ushonwe kwa mkono kwenye bitana ya koti, upande wa kushoto. Jaribuni kwanza rangi kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Ikitoka, wekeni kitambaa kingine cheupe chini yake. Kabla ya mkasi kugusa vazi, ndugu wote na Baba wawe wamekubali. Na kabla ya kulifua, ulizeni tena: huenda mmoja wenu analitunza kwa sababu bado lina harufu yake, na harufu ikishafuliwa hairudi.

Picha za pamoja zina mtego wake. Msiache pengo mahali ambapo Mama angesimama, wala msishike fremu yake kwenye kila picha. Pigeni kwanza zote za kawaida, uso wa kila mtu ukiwa mkavu, halafu moja ya mwisho na fremu. Mpeni mpiga picha mpangilio huo kwa maandishi.

Tena, rafiki yangu, mtu yeyote asimshtukize Baba wala bwana harusi. Si kwa sauti ya Mama iliyorekodiwa, si kwa video, si kwa picha iliyotengenezwa na kompyuta ionekane Mama amesimama kati yao. Watu hufanya hivyo kwa upendo, na mshtuko wake mbele ya watu mia mbili haukwepeki. Mkitaka kutumia sauti yake, wanaomhusu waisikie kwanza nyumbani, isizidi nusu dakika, na ijaribiwe kwenye spika za ukumbi, kwani sauti ya simu ikikuzwa hukwaruza na maneno hupotea. Mmoja wao akisema hapana, basi ni hapana.

Mlangoni wekeni binamu mmoja mpole, kazi yake iwe kuwadokeza wageni wa mbali ambao hawakupata habari za msiba. Wasipodokezwa, mmoja wao atamfikia Baba akicheka na kumuuliza, "Mama wa nyumba yuko wapi?" Gari la Baba liegeshwe mahali lisipozibwa, awepo mtu mmoja wa kuondoka naye, na wakubaliane ishara. Mara nyingi mtu mwenye mlango wa kutokea huweza kukaa mpaka mwisho.

Sasa sikukuu. Kutaneni wiki tatu au nne kabla, kwa saa moja, na kalamu. Andikeni kila alichokuwa akifanya Mama siku hiyo: nani alikuwa wa kwanza kuamka, nani aliita watu mezani, nani aliongoza sala, nani alikumbuka zawadi za watoto, nani aliwapigia simu walio mbali. Mtashangaa orodha ilivyo ndefu. Kisha kila jambo lipewe neno moja kati ya matatu: libaki, libadilike, lipumzike. Na iandikwe kwamba uamuzi ni wa mwaka huu tu. Sentensi hiyo huondoa ugomvi mwingi, kwa sababu anayetaka kuacha jambo haonekani tena kama anamfuta Mama, na anayetaka libaki hajifungi maisha yake yote.

Kazi za Mama zigawanywe kwa watu watatu au zaidi. Najua wewe ndiye mtoto wa kwanza, na najua zitakavyokuangukia. Usizibebe zote. Anayezibeba zote huanza kulinganishwa na marehemu, na yeye mwenyewe hapati nafasi ya kuomboleza kwa kuwa yuko jikoni tangu alfajiri. Mahali alipozoea kukaa pasiamuliwe dakika ya mwisho watu wakiwa wamesimama na sahani. Geuzeni meza, au badilisheni viti vyote, au muulizeni Baba kama angependa mjukuu akae hapo.

Baba naye aulizwe kwanza, lakini usimuulize, "Unataka tufanyeje?" Aliyefiwa na mke hana nguvu ya kujibu swali pana namna hiyo. Mpe njia mbili: tukutane kwako kama kawaida, au kwangu kwa saa tatu tu? Akibadili mawazo asubuhi yake, apokelewe. Siku chache kabla ya sikukuu huwa nzito, mara nyingi kuliko sikukuu yenyewe, kwa hiyo awe na mtu siku hizo pia. Kama anatumia dawa za usingizi, pombe isiwepo karibu naye, kwa kuwa viwili hivyo pamoja huweza kuzuia pumzi.

Mwanao wa miaka minne bila shaka atauliza kama Bibi atakuja kwenye harusi. Watoto wa umri huo hudhani aliyekufa anaweza kurudi, na mkimwambia Bibi amelala au amesafiri, atamngoja mlangoni. Mwambie, "Bibi amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hawezi kurudi. Tutaweka picha yake, na wewe unaweza kuchagua ua." Atauliza tena kesho na keshokutwa, mjibu kwa maneno yaleyale. Atacheka na kucheza dakika moja baadaye, na hilo ni sawa.

Ni sawa kwenu wakubwa pia. Mwaka 1999 watafiti wa maombolezo Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya pande mbili: kuukabili msiba, na kuyajenga upya maisha yaliyobaki, na kwamba huko kwenda na kurudi kunamsaidia. Kwa hiyo shangazi akikuona unacheza saa moja baada ya kulia, hujamsaliti mtu. Wala usikubali kuulizwa umefika "hatua ya ngapi". Zile hatua tano (kukana, hasira, kujadiliana, huzuni nzito, kukubali) za daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross, za mwaka 1969, zilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe. Hazikuwa ratiba ya wafiwa.

Hata hivyo mwangalieni Baba. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 unatambua huzuni inayozidi miezi 6, ikabaki kali muda wote na kumzuia mtu kuendesha maisha yake, kuwa hali inayohitaji tiba. Kulia kwenye sikukuu si dalili yake. Kuacha kula, kutojihudumia na kujifungia miezi inavyokwenda, hapo tafuteni mtaalamu. Akisema anataka kumfuata Mama, msingoje sikukuu ipite; aonwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Mahafali ya binti yako hayahitaji mengi. Kadi moja yenye mwandiko wa Mama, mkiwa nayo, apewe faraghani kabla ya kutoka nyumbani. Basi. Siku za kuzaliwa za watoto pia zisigeuzwe kumbukumbu. Mtoto asijifunze kuiogopa siku yake.

Kuna kazi moja usiicheleweshe: sauti za Mama zilizo kwenye simu yako na za ndugu zako. Zitoe zote, kila faili ulipe jina na tarehe, na ziwe nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikiwa nyumba nyingine au kwenye hifadhi ya intaneti. Simu ya Mama yenyewe msiifute wala kumpa mtu kabla ya hapo. WhatsApp kwa kawaida huondoa akaunti isiyotumika kwa siku 120, na laini isiyotumika nayo huweza kufungwa na namba ikapewa mtu mwingine, kisha siku moja jina la Mama likatokea kwenye simu ya Baba na kumbe anayepiga ni mgeni.

Mwisho, andika kwenye kalenda siku yake ya kuzaliwa, siku aliyofariki na siku waliyooana na Baba, kwa mwaka huu na mwaka ujao. Mbele ya kila tarehe weka jina la mtu atakayempigia Baba simu. Mwaka wa pili huwaelemea wengi kwa sababu hapo simu za watu huwa zimekoma.

Ukishapata rasimu ya ratiba ya harusi nitumie pamoja na yale maneno ya mshereheshaji, niyasome kabla hujayapeleka. Msalimie sana Baba.

Wako,
Tumaini